Bi Kifuniko Alikuwa Anajua Jina Langu

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Naomba barua hii ikukute mzima, umeshiba, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeshapotea njia. Sisi huku wote tupo. Bibi yako anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini mdomo bado una nguvu zake, jana amemgombeza paka eti kamwangalia vibaya. Baba yako anakusalimu, yuko pale pale mlangoni na viatu vya watu, gundi imemganda vidoleni mpaka chai yake inanuka kiatu. Ndugu yako Kinyozi anakusalimu. Kiti chake cha kunyolea kimevunjika mguu mmoja, sasa wateja wanakaa wameinama upande na yeye anawanyoa hivyo hivyo, juzi mtu katoka pale sharubu moja iko juu ya mwenzake. Paka naye anakusalimu, amezaa tena, baba wa watoto hatumjui na yeye hasemi. Mimi mama yako sijambo kabisa, sina neno lolote, wala usinifikirie.

Mjukuu wangu Tone hajambo? Umesema chumba kipya hakipendi, usiku anakaa macho anahesabu milango. Mtoto akihama huwa roho yake inachelewa kufika, mwili unatangulia. Mpe muda. Na umfunike miguu, baridi inaingilia miguuni. Dirisha la upande wa kichwa lifunge hata kama kuna joto.

Simu yangu usihangaike kuipiga. Imetumbukia kwenye beseni la nguo, fundi anasema imekunywa sabuni. Ya baba yako unaijua, anaiweka kwenye sanduku la misumari, ikilia anadhani ni mtu anagonga. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani. Barua ni nzuri, haikatiki katikati ya neno.

Sasa nije kwenye lile uliloniulizia. Kinyozi kaniambia unatafuta zile santuri za nyimbo za vikaragosi vya televisheni vya Jumamosi. Mwanangu, nimefungua sanduku la mashuka na nimeikuta! Ile yenye picha ya Mzee Kidevu amelala na kidevu chake kimefika kwenye kamba za viatu, na Bi Kifuniko amesimama nyuma yake na kifuniko cha sufuria kichwani, mwiko juu, tayari kumwamsha. Rangi imefifia kidogo tu kwenye pua.

Nimekaa nayo mapajani hata kazi ikanisubiri. Niliona Jumamosi zile zote zinapita mbele yangu kama nguo kwenye kamba. Mtaa mzima unanyamaza. Watoto wote wamejazana kwa yule mama mwenye televisheni, wadogo mbele, wakubwa nyuma, ninyi wa katikati mnakaliana. Halafu kifuniko kinapigwa, ta! na nyote mnaruka kama vile hamkujua kitapigwa. Na siku kile kipindi kilipokoma, hakuna aliyetuambia kwaheri, pazia halikufunguliwa tu, wakaweka watu wanapigana miereka. Ninyi mlikaa mpaka miereka ikaisha mkidhani Bi Kifuniko atatokea kuwaamua.

Nilikuwa na mengi lakini kuna mashati ya sare yananitazama, hayana vifungo hata kimoja, na bosi anayataka kesho. Nijibu upesi. Uniambie Tone analala au halali, usinifiche.

Mimi mama yako


Jumatano, tarehe 14 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo, na bibi shikamoo yake, na baba yake. Kinyozi mwambie akinunua kiti nitarudi kumwita ndugu. Mimi na Tone hatujambo. Kazini bado niko kwenye majaribio. Nakaa kwenye kile kibanda cha vioo juu ya stesheni, mbele yangu kipaza sauti na karatasi ya treni za siku nzima. Mkuu wangu anasema sauti yangu inafika vizuri ila natangaza kama namgombeza mtu. Jana abiria mmoja kapanda ngazi kuja kuniuliza kwa nini nimemkaripia, na mimi nilisema tu kwamba treni ya mchana imechelewa.

Mama, kabla hujaituma hiyo santuri, soma kwanza haya.

Chini ya ngazi za stesheni kuna mzee anauza vitu vikuukuu. Wiki iliyopita napita, nikamwona Mzee Kidevu ananitazama toka kwenye boksi. Santuri ile ile, picha ile ile, haina hata mkwaruzo. Mzee akaniazima na gramafoni. Nilipanda treni nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Nimemlaza Tone, nikavuta pazia kati ya chumba na sebule kama lilivyokuwa letu. Nilishamsimulia kila kitu. Nilimwambia subiri, Bi Kifuniko atauliza nani bado yuko macho, halafu utasikia ananiita mimi kwa jina, ananiuliza kama nimenawa miguu. Santuri ikaanza ule wimbo wa kulala: Taa imeshuka, njia imelala, paka kajikunja juu ya kiti. Mama, moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, mtu mzima mimi. Ikafika: nani bado yuko macho?

Hakuniita. Akasema:

Ni wewe, mwezi, wapita dirishani?
Pita polepole, wana wamelala.

Halafu tarumbeta ndogo ikalia, ikawa imekwisha, wakaingia kwenye basi lala, basi lala, kesho ina mlango wake. Kumbe alikuwa akiongea na mwezi! Tone akatoa kichwa kwenye pazia. "Mama, mbona hajakuuliza miguu?" Kajigeuza ukutani, na usingizi haukuja, si kwake si kwangu.

Mzee wa chini ya ngazi ameniapia hakukuwa na santuri nyingine, zote zilitoka sehemu moja. Sasa, Mama, kichwa changu kinajua kwamba santuri haiwezi kujua jina la mtoto. Wala haiwezi kujua kiatu kimoja kimepotelea wapi. Na siku niliyovunja glasi ya bibi nikaficha vipande, Bi Kifuniko aliniuliza habari za glasi, nakumbuka nilivyojifunika shuka! Hilo linawezekanaje? Labda nilikuwa nalala katikati ya wimbo, naota, ndoto inaingia kwenye wimbo na kutoka. Nimefika kuamini hivyo, na imeniuma kuliko nilivyodhani. Wewe ulikuwepo pale pale, kwenye kiti chako karibu na gramafoni, midomo imebana uzi. Wewe hukuimba hata siku moja ila ulisikia. Niambie: niliota?

Na lingine. Nimempigia Kinyozi mara nyingi nikitaka kuongea na wewe, kila mara uko dukani, uko kwa jirani, umelala. Kama nimekukosea, sema. Kama ni kwa sababu nilihama na mjukuu wako, sema pia. Usinikalie kimya.

Binti yako, Chiriku


Jumanne, tarehe 20 Agosti

Mdogo wangu,

Wewe nakuandikia bila maua, maana ukisoma salamu zangu huwa unaruka mpaka chini. Watu wa nyumbani wote wazima. Sasa kaa.

Ule uvimbe wa kooni niliokuonyesha ukasema ni mafuta, si mafuta. Daktari amesema lazima utoke, na utatoka tarehe kumi ya mwezi ujao. Amesema si ugonjwa wa kuogopesha kwa roho, roho itabaki. Ila mshipa wa sauti unapita pale pale, umejibana na uvimbe kama uzi na pindo. Nimeshona maisha yangu yote, najua ukifumua pindo uzi wa jirani nao unaweza kukatika. Nikamuuliza, je, nitaongea? Akasema wengi wanaongea. Nikamuuliza, na kuimba? Akacheka, akasema mama, kwani wewe mwimbaji?

Chiriku sijamwambia. Yuko kwenye majaribio ya kazi, akisikia tu atapanda treni ya kwanza, na kazi itampita. Na simu sishiki, maana sauti yangu sasa ni kopo lenye changarawe. Nikisema "haloo" moja tu, amejua. Kinyozi nimemtisha. Baba yao nimemwapisha. Kwa hiyo yule mtoto anadhani nimemnunia.

Sasa sikia maajabu. Unaikumbuka ile santuri ya Bi Kifuniko? Siku ile ile tuliyoinunua, kabla hatujaipiga, Kinyozi aliikalia, ikapata mkwaruzo. Kila ikifika "nani bado yuko macho" sindano inarudi nyuma, nani bado yuko macho, nani bado yuko macho, kama mlevi. Nilikuwa nainua sindano, nabana pua, naimba kipande changu cha kujaza pale, halafu naishusha sindano mbele ya mkwaruzo, wimbo unaendelea. Naweka na ya kwangu: umenawa miguu, kiatu kiko wapi, nani kavunja glasi. Ilinisaidia kulea. Mtoto akiambiwa na mama anakuwa kiziwi, akiambiwa na kikaragosi anaruka kunawa.

Mdogo wangu, huyu mtoto hakujua ni mimi! Miaka yote hii! Mimi nilidhani anajua, nilidhani tunacheza wawili. Ameniandikia kwamba mimi sikuimba hata siku moja. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikaona sicheki tena.

Maana nikimwambia ni mimi, atasema, haya niimbie, Tone asikie. Na nitaimba na nini? Mjukuu wangu hajanisikia hata mara moja nikiimba. Nisipoamka na sauti, Bi Kifuniko wetu amezikwa. Nikimwambia aliota, nitakuwa nimemzika mwenyewe kwa mikono yangu.

Nifanyeje? Na uje uangalie nyumba nikiwa hospitali, baba yao anajua kupika maji tu. Jibu upesi.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 24 Agosti

Dada,

Nakuja tarehe nane na godoro langu, lile lenu ni mbao iliyovikwa shuka.

Wewe huna akili, nakuambia kwa heshima. Mtoto analia kwamba umemnunia na wewe umekaa unabana pua! Mwambie yote. Kama hutaki kumwambia koo, mwambie wimbo. Kama hutaki kumwambia wimbo ni wa nani, basi angalau mwandikie maneno yake, maneno hayana uvimbe.

Na mimi pia miaka yote hii nilikuwa sijui kwamba ni wewe. Siku ile nilipolala kwenu Bi Kifuniko aliniuliza na mimi kama nimerudisha sufuria yako. Niliirudisha asubuhi kabla ya chai. Shetani mkubwa wewe.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Pokea salamu za wote. Bibi yako, baba yako, Kinyozi, paka na wanawe ambao wameshafumbua macho na wanapanda pazia. Mama yako mdogo anakuja kututembelea, hakuna sababu, amekumbuka tu nyumbani.

Kwanza futa hilo neno la kununa. Mimi nikununie wewe? Siku nitakayokununia ujue nimechanganyikiwa, nipelekeni mahali. Nakukumbuka kila nikitunga uzi kwenye sindano, maana macho yako ndiyo yalikuwa yananitungia. Ni mambo ya huku na huku tu, na simu bado ina sabuni. Usiniulize sana.

Santuri yetu sikutumii, posta wataivunja, halafu ina mkwaruzo mbaya, haitakusaidia. Lakini swali lako nitalijibu, maana nimeona umeandika kwa kubonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Hukuota, mwanangu. Yalisemwa. Mimi nilikuwepo na niliyasikia kwa masikio yangu haya, kila siku. Huo mwezi ndio sisi hatukuwahi kuusikia hapa nyumbani, nimeusoma kwako mara ya kwanza, na ni mzuri kweli. Lakini kwetu mwezi haukupita. Kwetu alipita yeye. Haya maneno yake, nimeyaandika kama yalivyokuwa:

Ni wewe, Chiriku! Miguu umenawa?
Usinifiche mimi, vumbi naliona.
Kiatu kimoja kipo, cha pili ki wapi?
Kamwulize baba yako, fundi wa viatu.

Hayo ya katikati yalikuwa yanabadilika kufuatana na siku. Siku ya mvua aliuliza matope. Siku uliyorudi unalia kwa sababu ya yule msichana aliyekucheka meno, hakuuliza kitu. Alisema, ni wewe, Chiriku, njoo karibu na pazia. Ukaja ukalala pale sakafuni, kichwa kimegusa pazia. Baba yako alikubeba. Wewe hilo hulijui, ulikuwa umelala.

Mwimbie Tone. Weka jina lake. Ubane pua kidogo, ndiyo sauti yake inavyotoka. Usiogope kukosea, Bi Kifuniko mwenyewe alikuwa hajui kuimba sana.

Kama barua yangu inayofuata itachelewa usihesabu siku, kuna mashati mengi mwezi huu. Ila wewe yako usicheleweshe. Mwambie Tone bibi yake anamjua sana.

Mimi mama yako


Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Kwa Chiriku.

Mimi si mtu wa barua, hii ni ya kwanza na natumaini ya mwisho.

Mama yako amepasuliwa koo Jumanne. Uvimbe umetoka wote. Hajambo, amerudi nyumbani jana. Aliniapisha nisikuambie na mimi niliapa, lakini niliapa kwa mdomo na hapa natumia mkono.

Roho haina shida. Shida ni sauti. Daktari kasema isubiriwe, inaweza ikarudi, inaweza isirudi. Sasa inatoka hewa tu. Anaelekeza kwa kidole, na mama yako mdogo anaelewa kinyume, jana kaelekezwa chumvi kaleta ngazi.

Jana jioni alikuwa amekaa karibu na ile gramafoni. Akabana pua kama alivyokuwa anafanya zamani kwenye ile santuri yenu, wewe ukiwa nyuma ya pazia. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajigeuza ukutani. Miaka yote niliyoishi na yule mwanamke hajawahi kunigeuzia mgongo.

Sijui kama ulitaka kujua. Nimeona ujue.

Viatu vya Tone nilivyopima kwa uzi viko tayari. Kama mguu umekua, useme.

Baba


Alhamisi, tarehe 19 Septemba

Mama,

Baba kaniandikia. Usimgombeze. Kwanza huwezi kumgombeza, kwa hiyo amepata bahati.

Niliisoma barua yake ndani ya kile kibanda cha vioo, kati ya treni mbili. Nilipofika kwenye "akabana pua" niliisoma tena, na tena, kama sindano imenasa. Kwa hiyo ndivyo. Niliweka barua juu ya karatasi ya treni na nilitazama chini, watu wadogo wanapita na mizigo, na sikuwaona. Nilikuwa tena mtoto, nimelala kitandani kwetu. Nyuma ya pazia kuna taa, na kivuli cha mtu ameinama, mkono mmoja uko juu ya santuri na mwingine uko usoni. Mama, kile kivuli nilikuwa nakiona! Nilikiona miaka yote nikajua ni Bi Kifuniko amekuja nyumbani kwetu, na wewe umempisha kiti.

Treni ya mchana nilichelewa kuitangaza. Mkuu wangu alipopanda kunigombeza alinikuta ninalia na kucheka, akashuka ngazi polepole. Leo kanipa barua ya kazi. Majaribio yamekwisha, nimepita. Kasema abiria hawapotei tena tangu nimekuja, wanaogopa. Sasa najua ile sauti ya kukaripia nimeipata wapi.

Sasa nikuambie la jana.

Nilimlaza Tone, nikavuta pazia, nikaweka santuri. Taa imeshuka, njia imelala. Ilipofika nani bado yuko macho, nikainua sindano kabla mwezi haujapita. Niliogopa nitaikwaruza, halafu nikafikiri, hata nikiikwaruza si ndivyo ilivyotakiwa kuwa? Nikabana pua. Nikaimba maneno yako. Niliweka jina lake, na badala ya kiatu niliuliza kuhusu kijiko cha dawa alichokificha chini ya mto.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia. Halafu sauti ndogo ikasema, "Nimenawa! Mguu mmoja." Miguu ikasikika inakimbia bafuni. Maji. Ikarudi. "Na wa pili." Nikashusha sindano, basi lala, basi lala. Kabla wimbo haujaisha nikasikia anajiuliza mwenyewe, polepole, "Ya kijiko kamwambia nani?"

Akalala, Mama. Hakuhesabu mlango hata mmoja.

Sikumwambia ni mimi. Sitamwambia. Wewe hukuniambia, na nilikaa na Bi Kifuniko aliyejua jina langu, na sasa ninaye na wewe pia. Naona nimepata wawili kwa mmoja.

Sikuulizi kwa nini ulinificha koo. Nitakuuliza nikifika, uso kwa uso, na utanijibu kwa kidole. Wamenipa likizo mwisho wa mwezi ujao. Jibu hata kwa neno moja. Ukichoka mwambie mama mdogo aandike, nitasoma kinyume.

Chiriku wako


Jumapili, tarehe 29 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Salamu kwanza, maana koo limekatwa lakini adabu ipo. Bibi yako anakusalimu, ananipenda sana siku hizi kwa sababu simjibu. Mama yako mdogo anakusalimu, amepika, tumekula, hatujafa. Kinyozi anakusalimu, kiti kimepona, sasa wateja wanalalamika wamezoea kuinama. Watoto wa paka wamegawiwa ila mmoja, tumemwachia Tone. Baba yako anakusalimu na huyu nitakuja kwake, kaa hapo.

Barua yako niliisoma hadi ile sehemu ya mguu mmoja nikashindwa kuendelea, nikampa mama yako mdogo anisomee, naye akashindwa. Tukaipeleka kwa Kinyozi akaisoma mbele ya wateja. Samahani. Sasa dukani kila mtu akiingia anaulizwa miguu.

Usinikasirikie kwa kukuficha. Niliogopa. Wewe ukiogopa unapiga kelele, mimi nikiogopa nanyamaza, halafu nikanyamazishwa kweli. Sauti imeanza kurudi kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Asubuhi natoa neno moja au mawili, mchana inaondoka. Daktari kasema tungoje. Kuimba hakusema, na safari hii sikuuliza.

Sasa baba yako. Jana jioni mama yako mdogo kaiweka ile santuri yetu, anasema nyumba imekuwa kimya kama duka lililofungwa. Mimi nikasema kwa mkono asiiweke, akaelewa niongeze sauti. Ikaimba. Taa, njia, paka. Ikafika kwenye mkwaruzo. Nani bado yuko macho, nani bado yuko macho, nani bado yuko macho. Mkono wangu ulikwenda wenyewe ukainua sindano, mazoea hayo. Nikabaki nimeishika hewani. Kila mtu ananitazama. Na mimi sina kitu mdomoni.

Basi kule mlangoni, kwenye viatu, nikasikia mtu anakohoa. Mwanangu, wewe unamjua baba yako. Tangu nimjue hajaimba hata siku ya harusi yetu, alisimama anatingisha kichwa kama anahesabu watu. Zile jioni zote za santuri yeye alikuwa pale anagonga misumari, nikidhani hasikii kitu. Hakuinua kichwa. Kabana pua kwa vidole vyenye gundi, akaimba:

Ni wewe, mke wangu! Miguu umenawa?

Sauti mbaya, mwanangu! Kama mlango wa ghala. Lakini maneno yote anayo, na ya vumbi, na ya kiatu kimoja. Alipofika "kamwulize baba yako, fundi wa viatu" akasimama kidogo, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Hapo ndipo nilipokuwa naingia," akaendelea kupiga msumari. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anangojea mstari wake.

Nikashusha sindano mbele ya mkwaruzo. Basi lala, basi lala, kesho ina mlango wake. Bibi yako akauliza nani huyo anang'oa bati. Mimi nilicheka, na katika kile kicheko ilitoka sauti. Ndogo, lakini ni yangu, niliijua.

Vidole vyake vimegandana na pua mpaka tumetumia maji ya moto.

Njoo na Tone. Njoo na santuri yako yenye mwezi, nataka kuusikia ukipita, halafu tutaweka yetu. Zote mbili. Wewe na baba yako mtaimba, mimi nitakaa nyuma ya pazia na mjukuu wangu, kwa mara ya kwanza nisikie inavyosikika kutoka upande ule. Viatu viko mlangoni, mguu ukiwa umekua baba yako anasema atavivuta.

Nijibu upesi, mwanangu, usinikalie kimya, unitajie siku na treni. Lakini kabla hujashika kalamu, kanawe miguu kwanza. Vumbi naliona.

Mimi mama yako